Je, kila mraba ni mstatili? Jinsi ya kuzishika sifa za pembenne bila kukariri

Swali: "Mwanangu alipewa zoezi la kweli au si kweli, na sentensi moja ilisema: 'Kila mraba ni mstatili.' Aliandika si kweli, nami nikamuunga mkono, maana mstatili niliofundishwa mimi una pande mbili ndefu na mbili fupi. Mwalimu akampa kosa. Nani yuko sahihi? Na je, ipo njia ya kuzishika sifa za mraba, mstatili, rombasi, msambamba, trapeza na tiara bila kukariri orodha ambayo mtoto huisahau mtihani ukishapita?"

Jibu: Mwalimu yuko sahihi. Kila mraba ni mstatili, ila si kila mstatili ni mraba. Hata hivyo, msimamo wako una historia ndefu. Euclid, mwanahisabati Mgiriki aliyeandika jiometri yake takriban mwaka 300 KK, aliyagawa maumbo haya kama ulivyofundishwa wewe: mraba una pande sawa na pembe mraba (za nyuzi 90), mstatili una pembe mraba lakini pande zake si sawa zote, rombasi ina pande sawa lakini haina pembe mraba. Hakuna umbo lililoruhusiwa kuwa na majina mawili. Wanahisabati wa leo wameuacha mgawanyo huo kwa sababu unawaongezea kazi bila faida.

Tazama kazi yenyewe. Tuseme umethibitisha kwamba mistari miwili inayounganisha kona zinazotazamana za mstatili ina urefu mmoja. Ukimfuata Euclid, huna ruhusa ya kusema hivyo kuhusu mraba mpaka uthibitishe upya, kwa maneno yale yale. Ukisema mraba ni aina ya mstatili, umemaliza. Tena chukua mstatili wa sentimita 10 kwa 6, uupunguze upande mrefu taratibu: 9, 8, 7, 6, 5. Kwa fasili ya zamani umbo hilo ni mstatili, likifika 6 linaacha kuwa mstatili, likifika 5 linarudi kuwa mstatili. Pembe zake hazijaguswa hata mara moja. Fasili inayokatika katikati ya safari namna hiyo ina kasoro.

Kwa hiyo fasili ya mstatili haigusi urefu wa pande hata kidogo: ni pembenne ambayo pembe zake zote nne ni za nyuzi 90. Basi. Ndefu na fupi ni hali inayotokea mara nyingi, wala si sharti. Fasili hutaja kiwango cha chini cha kuingia, na umbo lenye zaidi ya kiwango hicho halifukuzwi.

Zilizobaki zisome kwa macho hayo hayo. Msambamba ni pembenne ambayo pande zinazotazamana ni sambamba, jozi zote mbili. Rombasi ni yenye pande nne za urefu mmoja. Mraba ni wenye yote mawili, pande nne sawa na pembe nne za nyuzi 90, kwa hiyo ni mstatili na ni rombasi kwa wakati mmoja. Tiara, ambayo wengine huiita kishada, ina jozi mbili za pande sawa, na pande za kila jozi zimepakana, hazitazamani. Trapeza ina jozi ya pande sambamba. Hiyo niiache kidogo, kwa sababu hata vitabu vyenyewe havikubaliani juu yake.

Ukitaka picha ya jumla, ifikirie kama ukoo. Mraba ni mtoto wa mstatili na rombasi, na wazazi hao wawili wote wametokana na msambamba. Mtoto hurithi kila kitu cha mzazi, mzazi harithi chochote cha mtoto. Maswali ya kweli au si kweli hayatoki nje ya hapo. "Kila rombasi ni msambamba" ni kweli. "Kila msambamba ni rombasi" si kweli. "Kila rombasi ni tiara" ni kweli pia, jambo ambalo huwashangaza wengi: pande zote nne zikiwa sawa, jozi mbili za pande zilizopakana na zinazolingana zimeshapatikana.

Sifa moja ni ya pembenne zote bila ubaguzi: jumla ya pembe zake ni nyuzi 360. Chora mstari kutoka kona moja hadi kona inayotazamana nayo na utapata pembetatu mbili, kila moja ikiwa na nyuzi 180. Hata pembenne iliyobonyea ndani kama kichwa cha mshale inatii, mradi mstari uutoe kwenye ile kona iliyobonyea ili ubaki ndani ya umbo.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako, ambayo ndiyo muhimu zaidi. Watoto hufundishwa kuzitambua pembenne kwa kutazama pande. Mimi hushauri watazame mishazari. Mshazari, ambao vitabu vingine huuita ulalo, ni ule mstari unaounganisha kona mbili zisizopakana. Kila pembenne inayo miwili. Pande hazisemi mengi. Chukua vipande vinne vya ubao vyenye urefu wa sentimita 10 kila kimoja, uviunge kwa msumari mmoja kila kona. Umbo litachezacheza. Likisimama wima ni mraba wenye eneo la sentimita za mraba 100. Lisukume mpaka pembe moja iwe nyuzi 30 na eneo linashuka hadi 50. Endelea kusukuma, eneo linakaribia sifuri. Pande ni zile zile, mzingo ni ule ule wa sentimita 40, lakini umbo limebadilika kabisa. Pembetatu haiwezi kufanya hivyo. Pande zake tatu zikijulikana, umbo limefungwa. Ndiyo maana fremu ya mbao au chuma hukazwa kwa kupigilia ubao wa kwenda kona kwa kona: mshazari huigawa pembenne kuwa pembetatu mbili, na mchezo unakwisha.

Mpe mtoto vijiti viwili badala ya vinne. Vijiti hivyo ndivyo mishazari, na ncha zake nne ndizo kona za umbo. Vikatanishe, kisha aunganishe ncha kwa penseli. Umbo litakalotoka linategemea mambo matatu tu: je, vijiti vina urefu sawa? Je, vinakatana wapi? Je, vinakatana kwa nyuzi 90?

Anza kwa kuvikatanisha katikati, kila kijiti kikigawanywa nusu kwa nusu. Utapata msambamba, haijalishi urefu wala pembe ya kukatania. Sababu inaonekana kwa macho: pembetatu mbili zinazotazamana pale kwenye makutano zina pande mbili mbili zilizo sawa na pembe iliyo kati ya pande hizo ni moja, kwa hiyo zinalingana kabisa. Zikilingana, pande za nje zinazotazamana ni sawa, na zile pembe zinazokaa kama kwenye herufi Z nazo ni sawa, na hiyo ndiyo alama ya mistari sambamba.

Ukibaki na makutano ya katikati, ongeza sharti moja moja. Vijiti vikiwa na urefu sawa, umbo ni mstatili, hata ukivizungusha vipi. Vikiwa na urefu tofauti lakini vikikatana kwa nyuzi 90, ni rombasi. Urefu sawa pamoja na nyuzi 90: mraba. Hapo mtoto anaona mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba mraba ni mstatili; alikuwa anazungusha vijiti viwili vilivyo sawa, mistatili ikitoka mmoja baada ya mwingine, na mmoja kati yao ukawa mraba.

Ukiachana na katikati mambo yanakuwa matamu zaidi. Weka nyuzi 90, kijiti kimoja kikatwe nusu kwa nusu na kingine kikatwe popote: hiyo ni tiara. Kile kijiti ambacho hakijakatwa katikati ndicho mstari wake wa ulinganifu, yaani ukilikunja umbo hapo nusu zake mbili zinalaliana. Sasa acha nyuzi 90, hakikisha tu kwamba vijiti vyote viwili vinakatwa kwa uwiano mmoja, tuseme 3 kwa 2, vipande virefu vikitokea ncha mbili zilizopakana. Utapata trapeza, na uwiano huo ndio uwiano wa pande zake sambamba: upande mmoja ukiwa sentimita 12, mwenzake ni 8. Vijiti vikiwa sawa kwa urefu, inatoka trapeza pacha, yaani ile ambayo mbavu zake, zile pande mbili nyingine zisizo za jozi ya sambamba, zina urefu mmoja. Uwiano ukiwa 1 kwa 1 tumerudi kwenye msambamba. Kwa hiyo majina yote sita yamepatikana kwa vijiti viwili, na hakuna orodha iliyokaririwa.

Mafundi wanalijua hili kwa mikono. Anayeunda fremu ya mlango wa sentimita 90 kwa 200 hahangaiki kupima pembe nne. Akishahakikisha pande zinazotazamana ni sawa, anapima kona kwa kona mara mbili. Vipimo vikifanana, fremu imenyooka. Kwa kanuni ya Pythagoras kila kimoja kinapaswa kuwa karibu sentimita 219.3, kwa sababu 90 mara 90 ni 8,100, 200 mara 200 ni 40,000, na kipeuo cha pili cha 48,100 ni hicho. Lakini angalia: kupima mishazari peke yake hakutoshi. Trapeza pacha nayo ina mishazari sawa. Fremu iliyo nyembamba juu na pana chini inaweza kupita kipimo hicho, mlango ukagoma kufunga. Lazima pande zinazotazamana ziwe zimehakikishwa kwanza.

Mtego wa aina hiyo hiyo huwekwa kwenye mitihani. "Pembenne yenye jozi moja ya pande sambamba na jozi nyingine ya pande sawa ni msambamba." Si kweli, inaweza kuwa trapeza pacha. Lakini jozi ile ile moja ikiwa sambamba na pia sawa, umbo ni msambamba bila shaka. Neno moja likihama mahali pake, jibu linageuka.

Mtego mwingine ni ulinganifu. Waulize watu msambamba wa kawaida una mistari mingapi ya ulinganifu, wengi watajibu miwili. Hauna hata mmoja. Mstatili wa kawaida unayo miwili, inayopita katikati ya pande zinazotazamana; mishazari yake haimo. Kunja karatasi ya mstatili kona kwa kona uone: kingo hazilaliani. Rombasi nayo ina miwili, na safari hii ni mishazari yenyewe. Mraba, kwa kuwa ni mtoto wa wote wawili, amerithi miwili kutoka huku na miwili kutoka kule, jumla minne. Msambamba hubaki na ulinganifu wa kuzunguka tu: ugeuze nusu duara na utakaa palepale ulipokuwa.

Kuhusu eneo sitakaa sana, kwa sababu kanuni ni chache kuliko zinavyoonekana. Msambamba ni kitako mara kimo, na kimo ni ule umbali wa wima kati ya pande sambamba, si urefu wa upande ulioinama. Hapo ndipo alama nyingi hupotea. Trapeza ni nusu ya jumla ya pande sambamba, mara kimo; zile za 12 na 8 zikiwa na kimo cha 5 zinatoa 50. Jaribu kuufanya upande mmoja kuwa sifuri na kanuni hiyo inakuwa ya pembetatu. Zifanye pande sambamba kuwa sawa na inakuwa ya msambamba. Anayeijua ya trapeza ana tatu mfukoni. Na pembenne yoyote ambayo mishazari yake inakatana kwa nyuzi 90, iwe tiara, rombasi au umbo lisilo na jina, eneo lake ni nusu ya zao la mishazari.

Rombasi yenye mishazari ya sentimita 6 na 8 ni mfano ninaoupenda. Nusu zake ni 3 na 4, kwa hiyo upande ni 5 na mzingo ni 20. Eneo ni 24. Mraba wenye mzingo huo huo wa 20 una eneo la 25. Tofauti ni ndogo, lakini ipo, na inaonyesha kwamba mzingo hauamui eneo. Pia jumlisha vipeo vya pili vya mishazari: 36 na 64 ni 100. Jumlisha vipeo vya pili vya pande nne: 25 mara 4 ni 100. Si bahati. Jumla hizo mbili zinalingana katika kila msambamba.

Kuna jambo moja la ziada ambalo halimo kwenye mitaala mingi ya msingi, nami naona ni hasara. Chora pembenne yoyote, hata iliyopinda vibaya, pande zote nne tofauti. Tia alama katikati ya kila upande, kisha unganisha alama hizo nne kwa mpangilio. Umbo la ndani litakuwa msambamba, kila mara. Linajulikana kwa jina la Mfaransa Pierre Varignon, aliyefariki mwaka 1722. Uthibitisho wake ulichapishwa mwaka 1731. Mtoto hahitaji kuamini, achore tu mara tatu nne. Sababu inarudi kwenye mishazari: mstari unaounganisha katikati za pande mbili za pembetatu ni sambamba na upande wa tatu na ni nusu yake, na huo upande wa tatu hapa ni mshazari. Kwa hiyo pande mbili za umbo la ndani ni sambamba na mshazari mmoja, na mbili nyingine ni sambamba na mshazari wa pili. Eneo la ndani ni nusu ya la nje.

Sasa fuata mantiki. Mishazari ya nje ikiwa sawa, pande za ndani zote ni sawa, kwa hiyo ndani kuna rombasi. Mishazari ikikatana kwa nyuzi 90, ndani kuna mstatili. Ndiyo kusema ukiunganisha katikati za pande za mstatili unapata rombasi, na ukifanya hivyo kwa rombasi unapata mstatili. Maumbo hayo mawili yanapeana zamu.

Duara nalo lina lake la kusema. Pembenne ikikaa ndani ya duara na kona zote nne zikigusa mzingo, pembe zinazotazamana hutoa jumla ya nyuzi 180. Katika msambamba pembe zinazotazamana ni sawa, kwa hiyo ukiingia kwenye duara ni lazima kila moja iwe 90. Msambamba pekee unaoweza kukaa hivyo ni mstatili. Mwaka 628 Mhindi Brahmagupta alitoa kanuni ya eneo la pembenne za duara kwa kutumia pande peke yake: chukua nusu ya mzingo, toa kila upande kwa zamu, zidisha majibu manne, tafuta kipeuo cha pili. Ukiitumia kwa rombasi yetu ya pande 5 inatoa 25, wakati eneo halisi ni 24, kwa sababu rombasi hiyo haikai kwenye duara. Jibu la kanuni ni kikomo cha juu cha eneo ambalo pande hizo zinaweza kulifunika, na mraba ndio unaolifikia.

Nimalizie trapeza, maana huenda mwanao akakutana nayo hivi karibuni. Vitabu vingine husema trapeza ina jozi moja tu ya pande sambamba. Hapo msambamba si trapeza. Vingine husema ina angalau jozi moja. Hapo kila msambamba, na hata mraba, ni trapeza. Mimi nashika ya pili kwa sababu zile zile za mraba na mstatili. Ila ukiishika, usiseme tena kwamba trapeza pacha ni ile yenye mbavu sawa, maana msambamba nao una mbavu sawa na mishazari yake kwa kawaida hailingani. Sema ni ile ambayo pembe mbili za kitako zinalingana, na tatizo linaondoka. Lakini hapa, tofauti na swali la mraba, hakuna jibu moja la dunia nzima. Fungua kitabu anachotumia mwanao, soma fasili iliyomo, na swali la "je, msambamba ni trapeza?" ajibu kwa fasili hiyo. Kama kitabu hakisemi wazi, amuulize mwalimu kabla ya mtihani.